Tiketi ya Ouagadougou

Kila baada ya miaka miwili, Februari ikielekea ukingoni na upepo wa jangwani bado ukipuliza vumbi, mji wa Ouagadougou hujaa wageni waliokuja kutazama filamu. Kazi mpya huletwa kutoka Dakar, Tunis, Kinshasa, Kigali na Johannesburg, nyingi zikiwa hadithi za familia, vita, mapenzi na mirathi, na wanaozitazama ni mabalozi pamoja na mafundi baiskeli. Hilo ndilo tamasha la FESPACO, lililoanza mwaka 1969. Wanaoeleza kwa nini heshima hiyo iliiangukia nchi maskini isiyopakana na bahari, ambayo wakati ule iliitwa Volta ya Juu (leo Burkina Faso) na haikuwa na mwongozaji filamu wa kutajika, humtaja mwongozaji Ousmane Sembène wa Senegali na wenzake, au Rais Thomas Sankara na mapinduzi yake. Siwakatalii. Ila naona wanaliruka jambo moja lisilo na ushujaa wowote, nalo ni ugomvi wa bei ya tiketi. Ugomvi huo ndio uliolipa tamasha mizizi, na ndio unaoeleza vilevile kwa nini matamasha mengine ya Afrika, yenye filamu nzuri na wageni wengi, huondoka na wageni wao.

Mwaka 1969 kundi la wapenda sinema wa Ouagadougou, kamati yao ikiongozwa na mtangazaji wa televisheni Alimata Salambéré, liliandaa maonyesho ya filamu za Kiafrika. Watu walifurika. Hawakuwa washamba wa sinema hata kidogo, kwani mji ulikuwa na majumba yake na yalikuwa yakijaa. Ugeni ulikuwa kumwona Mwafrika akisimulia habari za Waafrika kwenye kitambaa kile kile cheupe. Kabla ya hapo njia ilikuwa imezibwa na kampuni mbili, COMACICO na SECMA, zilizogawana soko la sinema katika karibu nchi zote za Afrika Magharibi zilizotawaliwa na Ufaransa. Biashara yao haikuhitaji akili nyingi. Walichukua kwa jumla filamu za kauboi, za Kihindi na za Kimisri, tena zilizokwisha kuchuma faida yake kwingineko, wakazungusha mikanda ile ile mji baada ya mji mpaka picha ikajaa mikwaruzo na sauti ikaanza kukoroma, na faida ikavuka bahari. Filamu ya mwongozaji wa Kiafrika, yenye nakala moja au mbili, haikuingia katika hesabu hiyo. Hata bila chuki wala ubaguzi, hesabu peke yake ilitosha kuifungia mlango.

Mapema mwaka 1970 kampuni hizo na serikali ya Jenerali Sangoulé Lamizana zikagongana juu ya bei ya tiketi. Serikali, ambayo haikuwa ya kijamaa wala ya makelele, ikayataifisha majumba na kuyaweka chini ya shirika jipya la taifa. Kampuni zikajibu kwa kukata ugavi wa filamu. Hapo ndipo Volta ya Juu ilipogundua kwamba kuwa na ukumbi, viti na projekta bila kitu cha kuonyesha ni sawa na kuwa na duka lenye rafu tupu. Ikabidi izungumze na wale wale iliowafukuza ili mashine ziendelee kuzunguka. Lakini katika mvutano huo kilizaliwa kitu ambacho nchi jirani hazikuwa nacho: sehemu ya bei ya kila tiketi ilitengwa kwa ajili ya kutengeneza filamu za nchi. Mtu aliyelipa kuona Mhindi akiimba chini ya mti alikuwa, bila kujua, anachangia filamu ya jirani yake. Mapema katika miaka hiyo ya 1970 ikatoka filamu ndefu ya kwanza ya nchi, Le sang des parias ya Mamadou Djim Kola, na mwaka 1976 kikafunguliwa chuo cha kufundisha utengenezaji filamu.

Tuzo kuu ya tamasha, Farasi wa Yennenga, iliyopewa jina la binti mfalme anayesimuliwa kuwa chimbuko la Wamossi, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1972. Aliyeipata ni Oumarou Ganda wa Niger kwa filamu Le Wazzou polygame. Ni habari ya alhaji anayerudi kutoka Makka akiwa na heshima mpya kijijini, kisha akamtamani msichana aliyekwisha kuahidiwa kijana mwingine. Mke mkubwa ananuna, mke wa pili anapanga ubaya, na damu inamwagika. Mtu wa Pangani au Lamu hahitaji kufasiriwa kisa hicho. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha tamasha lilikuwa likimtafutia nani hadithi. Filamu ya namna hiyo ingeweza kusifiwa Paris kwa ugeni wake, lakini Ouagadougou ilishindanishwa mbele ya watu waliowajua maalhaji wao kwa majina.

Yupo atakayesema kwamba utaifishaji wenyewe ulishindwa. Ni kweli kwamba shirika la taifa lilikuja kufilisika na kuvunjwa, kwamba mpango wa nchi kadhaa wa kusambaza filamu kwa pamoja, wenye makao yake Ouagadougou, haukufika mbali zaidi ya katikati ya miaka ya 1980, na kwamba chuo kilifungwa mwaka 1987. Ni kweli pia kwamba siku nyingi za mwaka majumba yale ya taifa yaliendelea kuonyesha kauboi na karate, na kwamba fedha za Ufaransa hazikukoma kupita mlango wa nyuma. Hata hivyo anayepima kwa mizania ya shirika anapima kitu kingine. Katika miaka hiyo kizazi kizima cha wakazi kilizoea kulipa ili kujiona chenyewe, na kizazi cha waongozaji kikapata pa kuanzia: Idrissa Ouédraogo na Gaston Kaboré, ambao Tilaï (1991) na Buud Yam (1997), kwa mfuatano huo, ziliwapatia Farasi nyumbani. Sankara naye aliposhika madaraka mwaka 1983 alilikuta tamasha lina miaka 14. Alilipigia ngoma, akaliongezea wageni na sauti. Hakulianzisha, wala kuuawa kwake Oktoba 1987 hakukuliua.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwetu Tanzania. Sisi pia tulitaifisha. Tanzania Film Company iliundwa mwaka 1968, na sheria ya mwaka 1971 ikachukua majengo mengi ya kupangisha, majumba ya sinema yakiwamo. Mbona basi Dar es Salaam haikuwa Ouagadougou, na hali ilikuwa na Avalon, Empire, Empress na Odeon, tena yenye hadhira iliyomjua mwigizaji wa Kihindi Raj Kapoor kuliko mbunge wake? Jibu langu ni kwamba tulitaifisha kuta, tukaisahau tiketi. Majengo yalikwenda kwa Msajili wa Majumba, uingizaji filamu ukaenda kwa kampuni ya serikali, na kodi ya burudani ikaingia hazina kuchanganyika na kodi ya sigara na bia. Hapakuwa na senti iliyotoka dirishani pa tiketi ikafuata njia yake mpaka kwenye kamera. Vipaji havikukosekana: Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill, ilituzwa huko huko Ouagadougou mwaka 1985. Ilibidi iende mbali kutafuta ukumbi wa kuithamini.

Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, lilizaliwa katika ukame huo. Lina sifa zake na sizipunguzi: limeleta filamu za nchi za jahazi, kutoka Ghuba hadi India na visiwa vya Bahari ya Hindi, na limezipeleka hadi vijijini Unguja na Pemba. Lakini kitambaa chake kikuu kinatandazwa Ngome Kongwe, boma la Waomani, kwa sababu mji uliojenga jumba la Royal katika miaka ya 1920, ukaliita Majestic, na baada ya kuungua ukalijenga upya, haukuwa tena na ukumbi ulio hai. Wiki ya tamasha ikipita, viti hukunjwa.

Huambiwa siku hizi kwamba kumbi zimepitwa na wakati, kila mtu ana simu mfukoni na filamu ndani yake. Sidhani hilo linaondoa swali. Linahamisha dirisha la tiketi tu. COMACICO ya leo ni kampuni ya mtandao iliyoko ng'ambo, inayonunua kwa jumla na kupanga nini kionekane kwanza, na bando analolinunua kijana wa Mwanza halitengi hata shilingi kwa filamu ya Mwanza.

Na filamu zetu bado huenda mbali kutafuta ukumbi: mwaka 2021 Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Hadithi yake iko Unguja ya miaka ya 1950, wakati ambapo mkazi wa Mji Mkongwe alikuwa na Majestic na Empire za kuchagua jioni ikiingia.