Dawa ya Kuharisha

Maneno haya, "dawa ya kuharisha", yana njia mbili. Kwa sarufi, kuhara ni kuugua tumbo la kuendesha, na kuharisha ni kumfanya mtu ahare. Lakini katika mazungumzo ya kila siku watu husema, "Mtoto anaharisha," maana yake anahara. Basi mwalimu wa Msalato akiombwa dawa hiyo, yampasa aulize kwanza: ya kufungua tumbo, au ya kulifunga?

Jambo hili lina asili yake. Njia ya misafara itokayo Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, na maneno ya pwani yakasafiri pamoja na mizigo. Pwani walikuwa na sanamaki, yaani sana ya Maka. Na haluli, chumvi ya kuendesha. Na mafuta ya mbarika. Yote matatu ni dawa za kufungua tumbo. Mwaka 1878 CMS ilipoweka kituo Mpwapwa, mmoja wa watu wake alikuwa tabibu, Dr. E. J. Baxter. Wala tusidhani ya kuwa Ulaya walifikiri vingine: katika karne ile matabibu wengi wa huko nao waliwaendesha wagonjwa kwa maradhi ya kila namna, wakidhani ubaya hutoka pamoja na choo.

Sasa twajua zaidi. Ahariaye hupotewa na maji na chumvi ya mwili, na kumpa haluli ni kumwongezea hasara, hata kumwua akiwa mtoto mchanga. Dawa yake ni maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo. Na tangu 2004 WHO na UNICEF zimeshauri mtoto apewe na zinki.

Tena chango si mfereji mtupu. Ndani yake hukaa vijidudu vingi vitusaidiavyo. Penisilini, aliyoivumbua Alexander Fleming mwaka 1928, imeokoa watu wengi. Lakini dawa za namna hiyo huua vijidudu vyema pamoja na vibaya, na pengine mgonjwa huhara kwa sababu ya dawa yenyewe. Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899; mwaka 1971 John Vane akaonyesha ya kuwa huuzuia mwili kutengeneza vitu viletavyo maumivu. Lakini vitu vya jamii hiyo hiyo huulinda utando wa ndani wa tumbo, ndiyo maana aitumiaye mno aweza kupata vidonda. Hata madini ya chuma, yaongezayo damu, yana upande wa pili: uchunguzi wa watoto wachanga wa Kenya, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha ya kuwa chuma katika chakula kilizidisha vijidudu vibaya matumboni mwao.

Basi tusiziache dawa, bali tuulize kabla ya kutoa. Silabi moja ya Kiswahili yaweza kumponya mtoto, au kumwangamiza.