Kabla Hujamcheka Anayetembea Kwenda Namugongo



Wiki hii wameanza kupita. Kama unaishi hapa kwetu Bungoma karibu na barabara ya kwenda Malaba, umewaona: makundi ya watu wenye fulana za parokia zao, rozari shingoni, bendera mbele, viatu vimekwisha upande mmoja. Wanatembea kwa miguu hadi Namugongo, Uganda, wafike kabla ya Juni 3. Jumapili baada ya ibada kijana mmoja wa kanisa letu aliniuliza, na wenzake wakacheka: "Mchungaji, hawa wanaotembea siku zote hizo kwenda kuomba wafu, si wangebaki nyumbani waokoke tu?"

Sikucheka. Nilimwambia nitamjibu hapa, maana jibu ni refu na linanigusa mimi mwenyewe. Tulia usome.

Kwanza, msimamo wangu mnaujua na haujabadilika. Siombi kwa Maria wala kwa watakatifu, kwa sababu nasoma 1 Timotheo 2:5 na mpatanishi ninayemwona pale ni mmoja. Siamini toharani. Simbatizi mtoto mchanga. Simtambui Papa kuwa kichwa cha Kanisa. Haya si mambo madogo, na mtu akikwambia kwamba Wakatoliki na sisi tunatofautiana nyimbo tu, huyo hajawauliza Wakatoliki wala hajatuuliza sisi. Lakini nataka nikuonyeshe jinsi mabishano ya kweli kuhusu mafundisho yanavyoweza kugeuka kitu kingine kabisa, na wenye kubishana wasitambue yaligeuka siku gani.

Twende Buganda, mwaka 1879.

Kabaka Mutesa alikuwa ameomba walimu wa dini kupitia barua ambayo Stanley aliiandika mwaka 1875 na ikachapishwa gazetini London. Wamisionari wa CMS, yaani Waanglikana, walifika 1877. Mwaka uliofuata akaja Alexander Mackay, Mskoti, mhandisi, mtu wa nyundo na msumeno kuliko kanzu. Februari 1879 wakaja Wakatoliki wa shirika la Lavigerie, wale walioitwa Mapadre Weupe. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Padre Siméon Lourdel. Waganda walisikia wenzake wakimwita "mon père", nao wakamwita Mapera.

Jumapili moja Mackay alikuwa akiongoza maombi barazani kwa Kabaka. Watu wote wakapiga magoti. Lourdel na wenzake wakabaki wamekaa. Kabaka akauliza: kwani hawa hawamwamini Yesu Kristo? Kwa maelezo ya Mackay mwenyewe, padre alijibu kwa moto, akichanganya Kiarabu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa, kwamba hawawezi kushiriki dini isiyo ya kweli, na kwamba Waprotestanti waliuacha ukweli wakaanza kufundisha uongo. Mackay naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Akajibu. Wazungu wawili, wote wakitaja Yesu mmoja, wakabishana mbele ya mfalme ambaye hajabatizwa, na mfalme akabaki na swali ambalo hakuna aliyemjibu: ikiwa kila taifa la Wazungu lina dini yake, yeye atajuaje iliyo ya kweli?

Mutesa alikufa mwaka 1884. Hakubatizwa na upande wowote.

Usifanye haraka kumhukumu Lourdel. Kwake kupiga magoti pale kungekuwa kusema uongo kwa mwili wake. Mtu anayeamini kitu hufanya hivyo. Nitakuja kueleza kwa nini nasema hivi.

Basi kila upande ukafundisha kwa njia yake. Kwa Waprotestanti mlango wa kuingilia ulikuwa kusoma. Mackay alikuwa na mashine ya kuchapa, na vipande vya Maandiko vikapita mikononi mwa vijana wa jumba la mfalme. Hadi leo kwa Kiganda neno la kusoma ndilo hilo hilo la kwenda ibadani. Wakatoliki nao walikuwa na sheria ya Lavigerie ya kumfundisha mkatekumeni miaka minne kabla ya kumbatiza. Miaka minne! Sisi tunambatiza mtu Jumapili baada ya madarasa matatu, halafu tunalalamika kwamba waumini hawakai. Hapo nakubali kwamba walituzidi.

Wanafunzi wenyewe walikuwa vijana wa jumba moja. Walilala pamoja, wakala pamoja, na jioni huyu akaenda kwa Mackay, yule kwa Mapera.

Sasa nisikilize hapa. Oktoba 1885 askofu Mwanglikana, James Hannington, alikuwa njiani kwenda Buganda akipitia nchi yetu hii. Aliuacha msafara wake kwa Sundu, ndipo Mumias ya leo, akaendelea na watu wachache. Kabaka mpya, Mwanga, mtoto wa Mutesa, aliogopa watu wanaoingia kwa mlango wa mashariki. Hannington alikamatwa Busoga, akauawa Oktoba 29.

Nani alimkemea Kabaka kwa damu hiyo? Joseph Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa jumba la mfalme, tena Mkatoliki. Huyo ndiye aliyethubutu kumwambia Mwanga kwamba amekosa kumuua askofu wa Waprotestanti. Tena alikuwa akiwakinga vijana wadogo wa jumba dhidi ya tamaa chafu za mfalme. Novemba 15, 1885 alikatwa kichwa, na mwili wake ukachomwa.

Nimehubiri kuhusu mashahidi wa Uganda mara nyingi, na kwa miaka niliruka jambo hili. Nilimtaja Hannington, nikamwacha Balikuddembe. Nisamehewe. Mkatoliki wa kwanza kuuawa Buganda kwa ajili ya imani alikufa kwa sababu alimtetea Mprotestanti aliyekwisha kufa, mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Aliyechukua nafasi yake ya kuwaongoza vijana Wakatoliki alikuwa Charles Lwanga. Mei 1886, usiku, huku wakijua kwamba asubuhi wataitwa mbele ya mfalme, Lwanga aliwabatiza mwenyewe wale ambao walikuwa hawajabatizwa. Mmoja wao ni Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Hakukuwa na padre wala miaka minne ya kungoja. Juni 3 huko Namugongo walifungwa kwenye mikeka ya matete na kuchomwa. Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake. Wengine, Wakatoliki na Waanglikana, waliteketea katika moto mmoja. Katika mateso yale yote ya miaka hiyo, Wakatoliki wanahesabu mashahidi 22 na Waanglikana 23.

Mabishano ya mafundisho yalikuwa yamekwisha? Hapana. Waliokuwa motoni waliendelea kuamini tofauti kuhusu Papa na kuhusu Maria. Lakini hakuna aliyeomba asogezwe mbali na mwenzake.

Sasa ninakuja kwenye sehemu ambayo watu hawaisimulii Juni 3.

Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, kisha Wakristo nao wakafukuzwa Buganda, wakakimbilia Ankole. Huko uhamishoni walikuwa kundi moja, na kiongozi wao alikuwa Honorat Nyonyintono, Mkatoliki aliyekuwa ameumizwa vibaya mwilini katika mateso ya 1886. Waprotestanti walimfuata. Alipouawa vitani 1889, uongozi ukaenda kwa Apolo Kagwa, Mprotestanti ambaye Mwanga alimpiga kwa mkono wake mwenyewe siku za mateso. Wakatoliki wakaendelea kupigana bega kwa bega naye.

Wakashinda. Wakamrudisha Mwanga, yule yule aliyewachoma, kwenye kiti chake. Halafu wakakaa chini kugawana vyeo.

Wapendwa, ni hapo. Ukitafuta siku yaliyogeuka, tafuta hapo. Vyeo vya nchi vilipangwa kwa zamu: hiki cha Wakatoliki, hiki cha Waprotestanti, kutoka katikiro, ambaye sasa alikuwa Kagwa, hadi wakuu wa chini. Na kwa kuwa cheo kilikwenda na ardhi na watu wake, likaja swali: chifu akihama dini, je, anahama na cheo? Wakakubaliana kwamba anayebadili dini anapoteza cheo. Hebu fikiri. Ukisoma Maandiko usiku na moyo wako ukaguswa, asubuhi umepoteza shamba. Tangu siku hiyo nani angejua kama mtu anatetea rozari au anatetea migomba yake?

Hata majina yakabadilika. Watu waliitwa "Wafaransa" na "Waingereza". Mganda aliyezaliwa Buddu, hajawahi kuona bahari, anaulizwa wewe ni nani, anajibu: mimi Mfaransa. Paulo aliwauliza Wakorintho kuhusu jambo la namna hii, wale waliojigawa, wengine wa Paulo, wengine wa Kefa, wengine wa Apolo. (Na katikiro wetu ndiye anaitwa Apolo!)

Mackay alikufa Februari 1890, Lourdel akamfuata Mei. Desemba ya mwaka huo akaja Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza, na bunduki ya Maxim. Januari 1892 mtu wa upande wa Wakatoliki alimuua Mprotestanti katika ugomvi wa bunduki. Mwanga, ambaye sasa aliegemea Wakatoliki, alimwachilia muuaji. Lugard akadai aadhibiwe. Akakataliwa, naye akawagawia Waprotestanti silaha. Januari 24 walipigana Mengo. Kanisa la Wakatoliki pale Rubaga likateketezwa. Waliokimbilia kisiwa cha Bulingugwe wakafuatwa na risasi, na wengi wakafa maji, wanawake na watoto wakiwemo.

Kutoka moto wa Namugongo hadi moto wa Rubaga haikufika hata miaka sita. Hawa hawakuwa wajukuu waliosahau, walikuwa watu wale wale. Wapo waliowaona ndugu zao wakifungwa kwenye matete pamoja na watu wa dhehebu la pili, kisha wakaelekeza bunduki kwa dhehebu hilo hilo. Na vita vilianzia kwenye bunduki iliyogombaniwa. Toharani haikutajwa kabisa.

Baadaye Wakatoliki walipewa Buddu, na ndiyo maana hadi leo Masaka ni ngome yao. Mwaka 1894 Uganda ikawa chini ya Uingereza. Mwaka 1895 wakaletwa mapadre wa Mill Hill kutoka Uingereza, ili Waganda waone kwamba Mwingereza anaweza kuwa Mkatoliki. Usidhani haya ni mambo ya ng'ambo ya mpaka. Hadi 1902 hapa tulipo palihesabiwa kuwa Uganda, na mapadre wa Mill Hill walikuja magharibi mwa Kenya kwa njia hiyo hiyo. Hata Uganda ilipokaribia uhuru, watu walitania kwamba chama cha DP maana yake ni Dini ya Papa.

Na Mwanga? Waingereza walimpeleka Shelisheli. Huko akabatizwa na Waanglikana, akaitwa Danieli, akafa 1903. Neema haina aibu.

Mwaka 1964 Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, aliwataja pia Waanglikana waliokufa nao. Mwaka 2015 Papa Fransisko alipokwenda Namugongo alipita kwenye makumbusho ya Waanglikana na ya Wakatoliki pia. Maana hata huko Namugongo kuna sehemu mbili, kila dhehebu na yake.

Sasa jambo langu. Nilikuwa na shangazi, senge kwa lugha yetu, Mkatoliki wa kujitolea, ndiye aliyenilipia karo ya kidato cha kwanza. Kila nikimtembelea alinisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Jibu ni "Milele amina." Tangu nilipotoka chuo cha Biblia sikumjibu hivyo tena. Nilijibu, "Bwana asifiwe," kwa sauti, ili ajue. Miaka kumi na minne. Hakuna fundisho hata moja katika salamu ile ninalolikataa. Yesu asifiwe milele, nani anapinga? Sikuwa nakataa kosa la mafundisho. Nilikuwa nalinda upande wangu. Lourdel alikuwa na sababu ya kubaki amekaa. Mimi sikuwa nayo. Na siku ya mazishi yake nilisimama nje chini ya mwembe Misa ikiendelea, nikiwa na Biblia kubwa mkononi, na watu wakanisifu kwa msimamo.

Nikimsikia Mkatoliki akiniambia kwamba sisi tulimkataa Papa mmoja tukatengeneza maelfu, kila mchungaji na kakanisa kake, jina lake kwenye bango kubwa kuliko la Yesu, na shamba la kanisa limeandikwa jina la mke wake, sina haraka ya kumjibu. Vyeo na ardhi nasi tunavijua.

Kwa hiyo kijana wangu, ulizo lako ni zuri, na mahujaji watapenda kuulizwa. Waulize kuhusu Maria, waulize kuhusu kuomba watakatifu, wakueleze, nawe uwaonyeshe Timotheo. Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi akina mama watakuwa langoni mwa kanisa na chai, maji ya kunywa na beseni za maji moto ya chumvi kwa ajili ya miguu. Anayetaka kubishana na aje. Atapewa jagi abebe kwanza, na wakimsalimu anajua la kujibu.