Gita la Nyuzi Kumi na Mbili: Kulichagua kwa Anayeanza, Masukulu na Rungwe

Gita la nyuzi kumi na mbili kwa kawaida ni gita kavu, yaani lisilotegemea umeme, ambalo nyuzi zake hupangwa kwa jozi sita. Kila jozi hukandamizwa kwa kidole kimoja kana kwamba ni uzi mmoja, na vidole vya mkono wa kushoto hukaa palepale vinapokaa kwenye gita la kawaida. Aliyekwisha kujua C, F na G kwenye nyuzi sita hana la kujifunza upya. Kinachobadilika ni mlio, ambao hujaa na kumetameta, na mzigo ambao mbao zinaubeba usiku na mchana. Makala hii inahusu namna ya kulichagua gita hilo kwa mtu anayeanza akiwa Masukulu, kata ya Wilaya ya Rungwe katika Mkoa wa Mbeya, mahali ambapo mvua ni nyingi kuliko mafundi wa magita.

Mpangilio wa nyuzi

Jozi mbili nyembamba, E ya juu na B, zina nyuzi zinazofanana na kulia sauti ileile. Jozi nne zilizobaki, G, D, A na E ya chini, huunganisha uzi wa kawaida na uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu yake. Matokeo yake humshangaza mwanafunzi: sauti ya juu kabisa kwenye gita zima haiko kwenye jozi ya kwanza. Iko kwenye jozi ya tatu, kwa uzi mdogo wa G unaotikisika mara 392 kwa sekunde, wakati E ya juu hutikisika mara 330 tu. Uzi huo una unene wa milimita 0.2 hivi. Ndio unaokatika kwanza, na ndio unaokatika mara ya pili.

Metameta ya mlio inatokana na kasoro ndogo. Nyuzi mbili haziwezi kutuniwa zikalingana kabisa, na tofauti hiyo ndogo huzaa mawimbi ambayo sikio huyasikia kama watu wawili wanaoimba pamoja. Tofauti ikizidi, watu wawili hao huwa wamegombana.

Asili na majirani zake

Gita hili lilienea Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni ya Oscar Schmidt ya Jersey City ilitengeneza magita ya bei nafuu ya Stella, na mmoja wa wapigaji walioyatumia alikuwa Huddie Ledbetter, aliyejulikana kama Lead Belly (1888–1949). Yeye alilituni gita lake chini sana ya kiwango cha kawaida, jambo la kukumbukwa na kila anayeanza, kwa sababu litarudi hapa chini. Mwaka 1964 George Harrison wa Beatles alilifanya la umeme lijulikane duniani kwa kutumia Rickenbacker.

Afrika Mashariki haikulipokea kwa wingi. Gita lililosambaa kutoka Katanga hadi Malawi, likibebwa na wafanyakazi wa migodi, lilikuwa la nyuzi sita. Wanaume wa Rungwe nao walikuwa kwenye safari hizo: walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine hadi Afrika Kusini, ambako kampuni ya Gallo ilikuwa ikiuza magita rahisi ya Gallotone. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na mtindo huo ukafika Nairobi na kwingineko.

Hata hivyo wazo lenyewe la nyuzi pacha si geni kwetu. Udi wa taarab kwa kawaida una jozi tano na uzi mmoja mnene unaokaa peke yake, na ganuni huweka nyuzi tatu tatu kwa kila sauti. Anayesoma udi kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002 hutuni jozi kila siku. Wapigaji wa rumba ya Kongo nao walibuni njia ya mkato iitwayo mi-composé: huondoa uzi wa nne wa gita la kawaida, D, na kuweka mahali pake uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu. Yeyote asiyeweza kununua gita la nyuzi kumi na mbili anaweza kujaribu hilo leo jioni, na atapata sehemu ya ladha yake kwa gharama ya uzi mmoja.

Mzigo na mvua

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nyuzi sita za kawaida zilizotuniwa kwa kiwango huvuta shingo na daraja (kipande cha mbao kilichogundishwa tumboni ambako nyuzi zimefungwa) kwa nguvu ya kilo 73 hivi. Nyuzi kumi na mbili nyepesi huvuta kwa zaidi ya kilo 110. Hilo ni gunia la mahindi na kitu juu yake, limening'inizwa kwenye ubao usiozidi milimita chache za unene, na halishushwi chini hata mwenye gita akiwa amelala.

Ubao mkavu huustahimili mzigo huo kwa miaka. Ubao uliolowa hauwezi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukungu wa Mlima Rungwe, wenye urefu wa mita 2,960 hivi, hushuka hadi kwenye migomba na mashamba ya chai. Watengenezaji wa magita hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Mwezi wa Machi na Aprili, nyumba ya Masukulu iliyofungwa madirisha huwa juu ya hapo kwa mbali. Ubao hunyonya maji, huvimba, tumbo la gita hunyanyuka nyuma ya daraja, na nyuzi huinuka mbali na freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo). Mwanafunzi huanza kuumwa vidole na kudhani hana kipaji.

Kwa hiyo ushauri wa makala hii unapingana na ule wa vitabu vingi. Vitabu husifu gita ambalo uso wake ni ubao mmoja mzima wa mti wa spruce, kwa kuwa hulia vizuri zaidi na huzidi kunoga kadiri linavyozeeka. Ni kweli. Yamaha FG820-12 na Taylor 150e zimetengenezwa hivyo, na kwa mtu anayeishi mahali pakavu ni chaguo zuri. Lakini uso wa mbao za tabaka, yaani plaiwudi nzuri kama ya magita mengi ya bei ya chini, hauvimbi ovyo. Anayeanza Rungwe, asiye na fundi wa gita karibu, atafaidika zaidi na gita la tabaka lenye shingo iliyonyooka kuliko gita ghali linalohitaji kutunzwa kama kifaranga.

Dawa ya pili ya mzigo ni kulegeza. Gita likituniwa toni moja chini, D badala ya E, mvuto wake hupungua kwa karibu moja ya tano. Kapo, yaani kibano kinachokandamiza nyuzi zote shingoni, ikiwekwa kwenye freti ya pili, sauti hurudi kwenye kiwango cha kawaida, na mpigaji wa kinanda wala hatajua. Faida nyingine ni kwamba ule uzi mdogo wa G hupumua. Muuzaji akisema gita lake halihitaji kushushwa, si lazima awe mwongo, ila si yeye atakayelitunza.

Kulikagua dukani au kwa mwenyewe

Magita ya aina hii ni machache Mbeya mjini, na mengi yanayopatikana ni ya mtumba au yaliyoletwa na mtu kutoka Dar es Salaam. Gita la mtumba si baya. Lililokaa na nyuzi zake miaka 5 bila kupinda limekwisha kufanyiwa mtihani na mtu mwingine.

Kwanza lishikwe kama bunduki na kutazamwa kutoka kichwani kuelekea tumboni. Shingo inapaswa kuwa na upinde mdogo mno wa kwenda mbele, au inyooke. Ikiwa imejikunja kama mti wa msokoto, lirudishwe ukutani. Magita mengi yana chuma ndani ya shingo kinachokazwa kwa ufunguo mdogo, nacho hurekebisha upinde, hakirekebishi msokoto.

Pili, daraja. Chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza chini ya ukingo wake wa nyuma. Kikiingia, gundi imeanza kuachia, na kwenye gita la nyuzi kumi na mbili daraja lililoanza kuachia litang'oka lote. Tumbo likiwa limevimba kidogo nyuma ya daraja si ugonjwa. Likiwa kama kichuguu, ni ugonjwa.

Tatu, pima kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 kwa rula ya shule. Milimita 2 hadi 2.5 kwenye jozi nene ni nzuri. Ikiwa ni 4, tazama kile kifupa cheupe kilicho juu ya daraja: kikiwa bado kirefu, kinaweza kusuguliwa kwa msasa kikashuka, na kikiharibika, mfupa wa ng'ombe kutoka buchani huchongwa kikapatikana kingine bora kuliko cha plastiki. Kikiwa tayari kifupi na nyuzi bado ziko juu, shingo yenyewe imeshuka, na matengenezo yake huzidi bei ya gita. Hapo usibishane bei. Aga, uondoke.

Upana wa shingo mahali nyuzi zinapoingilia kichwani ni milimita 47 au 48, dhidi ya 43 au 44 kwenye gita la kawaida. Mwenye vidole vifupi asihukumu kwa dakika moja. Apige F mara kumi ndipo aseme. Zungusha vikazio vyote 12, kimoja kimoja. Kimoja kinachoteleza kitakusumbua kuliko vyote 11 vizuri vitakavyokufurahisha. Uzi ukitoa mlio wa kukwama unapokazwa, mfereji wake umebana, na unga wa penseli huulainisha.

Mwisho, ondoa aibu, lipige. Anayepiga kwa dole gumba na shahada kwa mtindo wa Katanga atagundua jambo: dole gumba likishuka hugusa uzi mwembamba wa oktavu kwanza, kidole kikipanda hugusa mnene kwanza, kwa hiyo besi na sauti ya juu hubadilishana rangi. Wengine hupenda, wengine hukimbia.

Nyuzi na matunzo

Nunua nyuzi kabla ya gita, au angalau uhakikishe utazipata wapi. Seti mbili za nyuzi sita hazifanyi seti moja ya kumi na mbili, maana nyuzi nne za oktavu hukosekana. Kwa uzi mdogo wa G, ulio mgumu kupatikana, uzi wa kwanza wa gita la umeme, ule wa namba 9, hufaa kabisa, na maduka mengi huuza seti hizo. Waya wa breki za baiskeli, ambao watoto huutumia kwenye magita ya galoni, usithubutu kuufunga hapa: mvuto wake hautabiriki, na daraja halina bima.

Gita likae ndani ya mfuko wake, mbali na ukuta unaotoa jasho, pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Usilitundike juu ya jiko la kuni kwa kudhani utalikausha, wala kuliacha kwenye gari lililofungwa juani ukishuka Kyela. Joto hulainisha gundi, na mzigo hausubiri.

Njia nzuri ya kuanza, ambayo wauzaji hawaitaji, ni kuondoa nyuzi zote za pili na kulipiga kama gita la nyuzi sita kwa miezi miwili. Kisha rudisha pacha wa jozi moja, halafu nyingine. Big Joe Williams wa Mississippi alijulikana kwa gita la nyuzi tisa, kwa hiyo hata kuishia njiani si aibu.

Linakofaa

Kwa solo ya muziki wa dansi, kwa mfano ile ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, halifai. Mbio za noti huchanganyika zikawa uji. Linafaa kwa anayeimba peke yake, na linafaa zaidi kwa kwaya. Rungwe, ambako Wamoravian walifika mwaka 1891, haina uhaba wa kwaya, na gita moja la aina hii hujaza kanisa lisilo na umeme kuliko magita mawili ya kawaida ambayo hayakutuniwa pamoja. Tena uzi mdogo wa G ukikatika katikati ya ubeti, mwenzake hubaki akiendelea, na mpigaji hung'oa kipande kinachoning'inia baada ya amina.