Madaraja ya michezo ya sekondari (Texas)

Mfumo wa kuzigawa shule za sekondari za umma za jimbo la Texas, Marekani, katika ngazi za ushindani, chini ya University Interscholastic League. Tangu 2014 ngazi ni sita, 1A hadi 6A, kwa idadi ya wanafunzi. Hupangwa upya kila baada ya miaka miwili. Kumshawishi mwanafunzi ahamie shule kwa ajili ya michezo ni marufuku. Mzigo mzito, na usiosemwa vya kutosha, ni safari: magharibi mwa jimbo, ambako miji imetawanyika, vijana husafiri saa kadhaa kwa basi kuwafuata wapinzani wa ngazi yao, wakarudi usiku wa manane. Hesabu ya wanafunzi haipimi uchovu huo.