Krismasi ya Mkunazini, na swali la tarehe 27

Desemba ikifika, sisi watu wa mjini tunakuwa wema ghafla. Ofisini watu wanachangishana, kwaya inachangishana, waliosoma chuo pamoja nao wanachangishana. Kisha Jumamosi moja linakodiwa basi, tunakwenda kwenye kituo cha watoto yatima na mchele, sukari, sabuni na katoni za soda. Picha zinapigwa, mchungaji anaomba, tunarudi mjini kungoja pilau ya sikukuu.

Sina ugomvi na safari hizo. Mtoto aliyekula siku ile amekula kweli, na sabuni ni sabuni. Swali langu ni moja tu: tarehe 27 Desemba nani anarudi pale?

Swali hili si geni. Liliwahi kuulizwa hapa hapa Afrika Mashariki, kwa vitendo, karibu miaka 150 iliyopita. Twende Zanzibar.

Mtaa wa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, palikuwa na soko la wazi. Bidhaa yake ilikuwa watu. Wengi waliletwa kwa jahazi kutoka Kilwa, baada ya kutembezwa kwa miguu kutoka nchi za Ziwa Nyasa na kwingineko bara. Hesabu za forodha ya Kilwa zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1862 na 1867 walisafirishwa kutoka bandari ile moja watumwa wapatao 97,000, na sehemu kubwa yao ilikwenda Zanzibar. Hao ni waliolipiwa ushuru. Waliopitishwa kimagendo hawamo, wala waliokufa njiani.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia wasisafirishwe kwa bahari. Hakupenda. Waingereza walimtishia kwa manowari zao, na matajiri wengi wa mjini waliona riziki yao inakatwa. Lakini soko lilifungwa.

Miezi sita baadaye, siku ya Krismasi mwaka huo huo, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa pale pale sokoni. Ndilo Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini ambalo watalii hupigia picha hadi leo. Kiwanja kilinunuliwa na padri kijana wa misheni ya UMCA, Arthur West, na kipande kingine kilitolewa na tajiri wa Kihindu, Jairam Senji. Sisi tumezoea kusema Baniani mbaya kiatu chake dawa. Hapa Baniani hakutoa kiatu, alitoa ardhi, tena kwa ajili ya dini isiyo yake.

Wengi wetu tukisimulia habari hii tunaishia hapo. Soko limekufa, kanisa limezaliwa, tena siku ya Krismasi! Inapendeza kuhubiriwa. Lakini jiwe halimlishi mtu. Hebu fikiri: umetolewa kwenye jahazi, umeambiwa uko huru. Huna ndugu kisiwani, huna shamba, lugha ya mji unaibabia, na njia ya kurudi kwenu imejaa watu wale wale waliokukamata. Uhuru wa namna hiyo unakwenda nao wapi?

Kazi ya kulijibu swali hilo ilianza kabla ya jiwe na ikaendelea miaka mingi baada yake. Mwaka 1864, misheni ilipofika Zanzibar, Sultani Majid, ambaye ni Mwislamu, alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Shule ilianza na hao watano. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba huko Mbweni, kusini ya mji, na watu waliokombolewa wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Wavulana walisomeshwa Kiungani, wasichana Mbweni. Kulikuwa na mtambo wa kuchapa vitabu, na vijana waliowahi kuwa bidhaa walijifunza kupanga herufi na kupiga chapa vitabu vya Kiswahili. Msimamizi wa kazi hiyo, Edward Steere, aliyekuwa askofu mwaka 1874, alikuwa amekwisha kukusanya hadithi za Waswahili na kuzitoa kitabuni mwaka 1870.

Yupo pia mwanamke mmoja ambaye hatajwi sana, Caroline Thackeray. Alifika mwaka 1877 kufundisha wasichana wa Mbweni. Alifia kisiwani humo humo mwaka 1926. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu miaka 50. Krismasi ngapi hizo? Na katikati ya Krismasi moja na nyingine kulikuwa na Jumatatu ngapi za kawaida, za kusahihisha madaftari na kuuguza watoto wenye homa?

Mwaka 1876 Steere aliondoka Zanzibar na kundi la watu huru zaidi ya 50 ambao walitaka kurudi upande wa kwao. Walipita Lindi, wakaenda kwa miguu hadi Masasi, wakajenga kijiji. Haikuwa hadithi tamu. Mwaka 1882 kijiji kilivamiwa, watu wakauawa na wengine wakatekwa upya. Waliobaki walianza tena.

Sasa mfikirie Cecil Majaliwa. Alikuwa mtoto wa Kiyao, akaibwa, akauzwa, akafika Zanzibar. Alikombolewa, akasoma Kiungani. Mwaka 1886 alirudi bara kufanya kazi ya kanisa Chitangali, sehemu za Masasi, miongoni mwa Wayao wenzake. Mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Na upadrisho ulifanyika wapi? Mkunazini. Palipokuwa soko la watu, mtoto aliyewahi kuuzwa alisimama akiwa padri.

Matokeo ya namna hii hayawezi kupatikana kwa safari ya Jumamosi moja.

Tusidanganyane lakini. Wema wa misheni ulikuwa na kasoro zake. Waliokombolewa walipewa majina mapya na sheria za watu wengine, wakaangaliwa kama watoto hata walipokuwa watu wazima. Walioamua mambo yao kwa muda mrefu walikuwa Wazungu. Na utumwa wenyewe haukuisha siku soko lilipofungwa. Zanzibar sheria iliacha kuutambua mwaka 1897, na Tanganyika ulipigwa marufuku mwaka 1922 tu. Kwa hiyo aliyedhani Krismasi ya 1873 imemaliza kazi alijidanganya. Nusu karne ya kazi ilikuwa bado mbele.

Ndiyo maana mimi naipenda historia hii, pamoja na kasoro zake. Inatutoa kwenye wema wa tukio na kutupeleka kwenye wema wa ratiba. Hata yule Msamaria wa kwenye Injili tunamsimulia nusu. Tunakumbuka kwamba alifunga vidonda. Tunasahau kwamba alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akamwambia amtunze yule mgonjwa, na kikizidi chochote atalipa akirudi. Maana yake alikuwa na mpango wa kurudi!

Basi msomaji wangu, changa mwaka huu kama kawaida. Panda lile basi. Lakini ukifika pale kituoni, kabla ya picha, muulize mlezi swali moja: Januari mnahitaji nini? Utashangaa. Pengine ni ada ya mtoto mmoja wa sekondari. Pengine ni mtu wa kufundisha hesabu kila Alhamisi, au fundi wa kumpa kijana wa miaka 17 ujuzi, maana akifika 18 anatakiwa kuondoka na hana pa kwenda. Hayo ndiyo mashamba ya Mbweni ya siku zetu. Chagueni moja na marafiki zako, gawaneni zamu, andikeni tarehe kwenye kalenda.

Na kama una nafasi ya kwenda Zanzibar, pita Mkunazini. Nje ya kanisa kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo, wamesimama ndani ya shimo. Waangalie taratibu. Halafu kumbuka kwamba wenzao waliotoka kwenye minyororo walihitaji shule, jembe na mtu wa kukaa nao.

Heri ya Krismasi. Tukutane tarehe 27.