Santuri Ndani ya Kitabu: Kumsoma Siti binti Saad

Kuna kitabu kimoja ambacho watu wazima wa visiwani ni nadra kukisoma kimya. Nacho ni Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert. Msomaji hupita kurasa mbili tatu kwa utulivu, kisha husita, macho yakatoka kwenye karatasi, na wimbo ukaanza kuvuma puani. Wimbo huo haukuandikwa pale. Msomaji amekuja nao mwenyewe, pengine kutoka nyumba ambayo leo haipo, akakikuta kitabu kinamfungulia mlango. Raha ya kitabu hiki kwa hiyo ina masharti yake: sauti anayehadithiwa ndani yake haimo, na wenye kuweza kuileta wanapungua kila mwaka.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililotosha kumweleza mtu asili yake na mwahali alipowekwa na jamii. Alifinyanga vyungu, akavitembeza kuuza. Mwaka 1911 akahamia mjini, na huko Ali Muhsin akamfunza uimbaji. Taarabu wakati huo ilikuwa na historia ya kasri. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni. Na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, cha waungwana waliopenda muziki huo. Lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu. Siti akaja na Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, wachukuzi na wapishi, na wanawake waliokuwa wakidai haki zao mahakamani wakarudi mikono mitupu.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Makumi ya maelfu ya santuri za Kiswahili yakauzwa katika miaka michache iliyofuata. Sauti ya mfinyanzi ikafika katika mikahawa ya miji ambayo mwenyewe hakupata kuikanyaga.

Inafaa kuizingatia santuri yenyewe. Ilikuwa sahani nzito, nyeusi, yenye kuzunguka mara 78 kwa dakika moja, na ikianguka haisamehe. Kila upande ulichukua wimbo wa dakika tatu hivi. Usiku wa taarabu mtungo mmoja huweza kwenda mbali zaidi ya hapo: kibwagizo kikarudiwa, mpiga udi akapewa nafasi ya kujinadi, mwenye kutunza akainuka na noti yake, na mwimbaji akaurudia ubeti uliomchoma mtu fulani aliyeketi pembeni. Yote haya santuri iliyakata. Aliyeinunua alipata sauti isiyo na baraza. Miaka 30 baadaye Shaaban Robert akaandika kitabu chenye baraza kisicho na sauti, na sidhani kama mwenyewe aliiona kazi yake kwa jicho hilo.

Mtu wa Tanga huyu, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, alimwendea Siti Unguja bibi akiwa mtu mzima sana, akamsikiliza akisimulia maisha yake. Siti akafariki 1950. Wasifu ukachapishwa 1958. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kumfanya mwanamke wa tabaka la chini kuwa kiini cha kitabu kizima, na kwa hilo peke yake deni letu kwa mwandishi ni kubwa. Lakini Shaaban Robert ni mwalimu wa adili kabla ya kuwa mpenzi wa udi. Anapenda kumwonyesha Siti mwenye subira, Siti mwenye heshima, Siti aliyewanyamazisha wabaya wake. Waliomkejeli kwa sura na kwa asili yake ya shamba aliwajibu kwa wimbo ulioitanguliza akili mbele ya uzuri, na hapo kalamu ya mwandishi inachangamka, maana wimbo na adili vimekutana. Mambo ya upigaji anayapitia haraka. Anayetaka kujua fidla iliingia wapi, au sauti ya bibi ilipanda vipi, hatayapata mle.

Ndipo kumbukumbu inapofanya kazi yake. Mimi nilikisoma kitabu hiki ukubwani, na kila palipotajwa nyimbo nilimsikia bibi yangu akipeta mchele. Yeye hakuwa mwimbaji. Alikuwa na beti chache za Siti alizozichanganya apendavyo, na ungo ndio uliokuwa tari yake. Wimbo aliourudia zaidi ni ule wa Kijiti. Nikiwa mtoto niliudhania ni wa mchezo, kwa namna lahani yake ilivyo nyepesi. Kumbe ni habari ya mauaji: mwanamke mja mzito aliyekuja Unguja kutembea akabakwa na kuuawa, muuaji akakimbilia bara, na hukumu ikawaangukia wanawake wenyeji wa marehemu kwa sababu ya pombe iliyonywewa siku hiyo. Siti aliiweka hukumu ile katika vina, na watu wasiojua kusoma wakaihifadhi kuliko ilivyohifadhiwa na majalada ya mahakama. Bibi alijua fika anachokiimba. Sikumwuliza, naye hakuwa mtu wa kueleza wimbo.

Mwaka 2007 Nasra Mohamed Hilal alitoa wasifu mwingine, Mfinyanzi Aingia Kasri, na jina la kitabu limeyabeba maisha yote ya Siti katika maneno matatu. Baadhi ya rekodi za enzi ile nazo zimetolewa upya katika sidii, mikwaruzo ikisikika kama mvua juu ya makuti. Kijana wa leo aweza kukisoma kitabu huku sauti ikimwimbia masikioni, jambo ambalo Shaaban Robert hakuliota. Ila Bi Kidude, aliyezipokea nyimbo hizi kwa kumsikiliza Siti mwenyewe, alifariki Aprili 2013, na baada yake sijui nani aliyebaki wa kutwambia santuri ilikata wapi.

Nikiziweka sidii hizo, siku hizi sikio langu halimfuati Siti peke yake. Linawafuata waliokaa nyuma yake: Subeti Ambar na Mbaruk Talsam na nyudi zao, Budda Swedi na fidla yake, Maalim Shaaban akiipokea sauti. Walipanda meli ileile kwenda Bombay. Katika wasifu wa bibi wanapita kama wageni waliokuja kunywa kahawa, na hakuna Shaaban Robert aliyewabishia hodi wao.