Maandalizi ya Kaya dhidi ya Maafa

Maandalizi ya kaya dhidi ya maafa ni maamuzi, makubaliano na akiba ambavyo watu wanaoishi pamoja huviweka mapema, kabla ya mafuriko, kimbunga, moto au mlipuko wa volkano, ili waokoke na waweze kujikimu hadi msaada ufike. Maelezo mengi ya jambo hili huanza na orodha ya vitu: tochi, redio, dawa za huduma ya kwanza, madumu ya maji. Vitu hivyo vina kazi yake. Hata hivyo, maafa ya miaka ya karibuni katika Afrika Mashariki na mashariki ya Kongo yanaonyesha kwamba makubaliano hutangulia akiba: nani anambeba nani, dalili gani ikionekana watu watoke, wapite njia ipi na wakutane wapi.

Ushahidi wa mji wa Goma, mashariki ya Kongo, unatosha kulithibitisha hilo. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021 bila tahadhari rasmi kutangulia, ingawa lava yake ilikuwa imekwisha kupita katikati ya mji Januari 2002. Watu wakakimbia gizani, baadhi kuelekea Sake, baadhi wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Safari hii lava ilisimama pembezoni mwa mji, lakini siku iliyofuata UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Katika mkimbio wa namna hiyo ni rahisi baba kudhani mtoto yuko na mama, na mama kudhani yuko na shangazi. Hakuna begi la dharura linaloweza kuziba pengo hilo. Kinacholiziba ni mahali pawili pa kukutania palipokubaliwa mapema, pa kwanza karibu na nyumba na pa pili nje ya mtaa, na mtoto aliyefundishwa majina kamili ya wazazi wake na namba moja ya simu kwa moyo, maana simu yenyewe huweza kupotea au kuishiwa chaji.

Muda nao huwa mfupi mno. Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang, Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023 liliufikia mji wa Katesh asubuhi na kuua watu zaidi ya 80. Huko Mai Mahiu, Kenya, maji yalisomba nyumba kabla ya mapambazuko ya tarehe 29 Aprili 2024, watu wakiwa usingizini. Kaya iliyo chini ya mlima au kando ya korongo inapaswa kuamua mchana, kwa utulivu, kwamba mvua ikinyesha mfululizo na mto ukabadilika ghafla, ukachafuka kwa tope au hata kupungua maji wakati mvua bado inanyesha, basi watu wanatoka bila kungoja mjadala. Kupungua huko huenda kukawa na maana kwamba maji yamezibwa juu na yatafumuka. Wanaotoka wapande kwenye mwinuko wa pembeni, wasifuate bonde. Na maji yaendayo kasi yasivukwe kwa miguu hata yakiwa chini ya magoti, kwani hayo yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Akiba hupata nafasi yake pale tahadhari inapotangulia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza mwelekeo wa Kimbunga Hidaya kabla hakijafika pwani mwanzoni mwa Mei 2024. Kimbunga kilidhoofika kilipofika nchi kavu, lakini mvua iliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Barabara ikikatika, duka la jirani halipati bidhaa. Hapo ndipo unga, maharage, mkaa mkavu, dawa za presha, kisukari au za kufubaza virusi vya UKIMWI, na maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa huwa na thamani, hasa kwa kuwa kipindupindu huweza kufuata mafuriko.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya wenye nafasi. Mpangaji wa chumba kimoja ataweka wapi akiba ya wiki? Hoja hiyo ni ya haki kuhusu akiba, si kuhusu makubaliano, ambayo hayagharimu kitu. Na katika chumba hicho hicho, vyeti na vitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri huenea hata chini ya mto wa kulalia. Wengine husema kuokoa watu ni wajibu wa serikali. Ni kweli, na Tanzania imeuweka wajibu huo katika sheria yake ya mwaka 2022. Ila saa ya kwanza ya mafuriko huwakuta watu na jirani zao tu. Pingamizi zito kuliko yote ni hofu ya wizi: wengi hubaki wakilinda mali hadi maji yanapowazunguka. Kaya moja haiwezi kuiondoa hofu hii peke yake. Inahitaji majirani na balozi wao wa nyumba kumi wakubaliane mapema nani atalinda mtaa kutoka mahali salama, na nani atapita kumchukua mzee au mlemavu anayeishi peke yake.